Milembe Hakutoka Mirembe

Sehemu ya Saba

Mkono wa wakili Severine bado uko juu. Tangu Jumamosi iliyopita nimemwacha amesimama hivyo katika Mahakama ya Wilaya ya Bariadi, karatasi mkononi, na ninyi mmenisumbua wiki nzima kwa barua mkitaka kujua ameona nini kwenye hiyo karatasi. Haya, tumshushe mkono asije akapata ganzi. Anasoma.

"Mheshimiwa Hakimu, haya ni maelezo ya mume wa mdai, bwana Yakobo Masele, yamepigwa chapa na kutiwa dole gumba. Mstari wa nne. 'Nilimtoa mke wangu Mirembe mwaka 1993, nikamleta nyumbani Somanda akiwa mzima kabisa.'"

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Mirembe, Mheshimiwa. Kila Mtanzania anaijua. Hospitali ya wagonjwa wa akili, Dodoma. Mdai anatuambia aliharibika akili mwaka jana kwa kugongwa na pikipiki ya mteja wangu. Mumewe anatuambia alimtoa Mirembe miaka sita kabla ya pikipiki. Sasa tumwamini nani?"

Mahakama nzima ikaguna.

Kwa wewe uliyelikuta gazeti hili limefungiwa dagaa wa Lamadi na hujui tulikotoka, nakupa mkono, twende pamoja. Milembe ni fundi cherehani wa Somanda. Soko huria lilipoingia liliingia kwake mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja na mitumba, wateja wakamkimbia. Mara ya pili lilikuja na makampuni ya kununua pamba, na mojawapo, Mkulima Fahari, ikamrudishia uhai kwa kumpa kazi ya kushona sare za wafanyakazi wake. Halafu Julai ya mwaka jana, 1999, wakala wa kampuni hiyo hiyo, kijana anayeitwa Marcelo, akiwa anakimbizana na wakala wa kampuni nyingine nani awahi mizani ya kijijini, akamgonga Milembe barabarani akiwa na jora la kitambaa kichwani.

Mfupa haukuvunjika hata mmoja. Hospitali walimfunga kiwiko, wakamruhusu jioni ile ile. Kitambaa ndicho kilichoumia.

Lakini tangu siku hiyo Milembe akisikia injini anajificha. Popote alipo, chochote kilicho karibu, anaingia chini yake. Na kibaya zaidi, cherehani yenyewe. Akianza kukanyaga taratibu anaweza. Mwendo ukikolea tu, ule mlio unakuwa pikipiki inayokuja. Miezi tisa sasa mashine imefunikwa kanga.

Ng'ombe nao wamo. Kwa Wasukuma hadithi isiyo na ng'ombe ni tangazo la redio. Baba mkwe wake, mzee Masele, alitoa ng'ombe kumi na wanane kumwoa Milembe kutoka kwao Binza, Maswa. Mzee amesema mbele ya ukoo: kama ugonjwa ni wa pikipiki, mkwe atabaki kwake na atamtunza. Kama ni wa tangu kwao, aliuziwa kibovu. Milembe atarudi Binza na ng'ombe watarudi Somanda, pamoja na ndama waliozaliwa.

Ndiyo maana Severine aliposoma mstari wa nne, Milembe hakumtazama yeye. Alimtazama mkwewe. Mzee Masele alikuwa anakunja vidole, anahesabu ndama.

"Yakobo Masele," akaita Hakimu Ernestina, mama mnene mtulivu aliyehamia Bariadi mwezi wa pili tu kutoka Iringa. "Simama. Ulisema hivi?"

"Nilisema, Mheshimiwa. Ila mimi nilisema Milembe."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Mirembe."

"Hapana, Mheshimiwa. Siyo Milembe. Milembe."

Hakimu akamtazama karani wake, Thomasi, kama anayeomba msaada. Thomasi ni mtu wa Lagangabilili, Msukuma kama Yakobo. Yeye mwenyewe hakuona tofauti ya hayo majina mawili, akabaki ameshika kalamu.

Nieleze, maana hapa ndipo maisha ya mama wa watu yaliponing'inia kwenye herufi moja. Yale maelezo yalipigwa chapa na Joakim, yule mwenye taipureta pale stendi anayewaandikia watu barua za mashtaka. Joakim alisoma Tanga miaka miwili, akarudi na ugonjwa wake mwenyewe: kila L ya watu wa kwao anaiona kosa, na kila kosa analisahihisha. Ukimpa kalamu anaandika karamu. Yakobo alimwambia Milembe, jina la mke wake alilopewa na wazazi wake, naye Joakim akamhurumia mshamba huyu asiyejua Kiswahili, akamwandikia Mirembe.

"Mheshimiwa," akasema Milembe kwa sauti ndogo, "mwandishi ndiye aliyekosea. Ona hapo juu alivyoandika mahali pa ajali."

Hakimu akasogeza karatasi. "Mahari pa ajali," akasoma, "barabara ya Somanda. Mahari? Hii ni kesi ya pikipiki au ya ndoa?"

Watu wakacheka. Yakobo akapumua. Nadhani hata wewe umepumua, lakini humjui Severine.

"Naomba swali moja tu kwa shahidi," akasema wakili, mpole kama mganga wa meno. "Bwana Yakobo, mkeo aligongwa wapi?"

"Pale Somanda."

"Somanda dukani, shambani, au wapi?"

"Balabalani."

"Sikusikia vizuri."

"Kwenye balabala kubwa, mzee."

Severine akamgeukia Hakimu na kuinama kidogo. "Shahidi anatuambia alitamka L, siyo R. Mheshimiwa amesikia mwenyewe. R hana. Mdomo wake ukisema Mirembe unatoa Milembe. Na jalada lenyewe la mahakama limeandika jina la mdai kwa L, Milembe. Basi hii Mirembe ya R ni nini, kama siyo Dodoma? Mwandishi huenda alikosea mahari. Kwenye Mirembe, kwa bahati mbaya ya mdai, alipatia."

Kila neno ambalo Yakobo angesema kwa mdomo ule lingemzamisha zaidi.

Cheti cha ndoa? Yakobo na Milembe waliunganishwa na ng'ombe. Kanisani bado wanasubiri michango ya keki. Basi aitwe Joakim aseme alichokosea? Joakim alikuwepo, benchi la mwisho, karibu na dirisha, amejikunja nyuma ya mama mwenye kitenge kipana. Mahakama ilishamwonya mara mbili kwa kujifanya wakili. Kusimama na kusema "ni mimi niliyeandika" ni kujipeleka mahabusu kwa miguu yake. Akaamua Kiswahili sanifu kinyamaze kwa siku hiyo.

Mzee Masele akasimama bila kuitwa. "Mayu hakimu, mama yetu, mimi sina ubishi na kampuni. Nimeshasikia nilichokuja kusikia. Nakwenda Binza kuchukua ng'ombe zangu."

"Kaa chini, mzee. Hapa siyo mnadani."

"Nitakaa. Lakini nakaa kama mtu anayeondoka."

Na wakati huo huo, kutoka upande wa stendi, ukasikika mlio.

Ulikuja mdogo, ukapanda, ukakata kona ya ofisi ya ardhi na kuingia uani mwa mahakama. Marcelo, shahidi wa kampuni, alikuwa amechelewa. Na kampuni, kwa busara zake, ilimtuma aje mahakamani na pikipiki ile ile.

Milembe alikuwa chini ya meza ya karani kabla injini haijazimwa. Thomasi akainua miguu yote miwili asimkanyage. Chini pale ilionekana ncha ya kitenge tu, na meza ikawa inatetemeka taratibu, vikaratasi vya Thomasi vikisogea kimoja kimoja mpaka ukingoni.

"Mheshimiwa ameona kwa macho yake," akasema Severine. "Huyu ni mgonjwa wa siku nyingi. Sina shahidi mzuri kuliko huyo."

"Na sisi hatuna shahidi mzuri kuliko huyo," ikasikika sauti nyuma ya kitenge kipana, kisha ikajikohoza ili ionekane ni mafua.

Kwa dakika moja pande zote mbili zilikuwa zinashinda kwa ushahidi mmoja, na aliyeutoa yuko chini ya meza ameziba masikio. Mimi nilipoanza kuwasimulia kesi hii nilikuwa nacheka. Hapa kicheko kimeniisha. Mtu mzima, fundi wa watu, mama aliyekuwa akipita Somanda anaitwa kila mlango, amekaa miguuni pa karani mbele ya mkwewe, na anajua anaonekana, na hawezi kutoka. Ilikuwa aibu ya kumtosha mtu maisha yake yote.

Yakobo alipiga magoti pembeni ya meza. "Mama Kija," akamwita kwa jina la binti yao. "Imezimwa. Sikiliza, imezimwa."

Hakutoka.

"Shahidi aingie," akasema Hakimu, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo.

Marcelo akaingia na sare yake ya kaki, kofia ya plastiki kwapani. Akaapa. Akasimama mahali shahidi anaposimama, ambapo kwa mahakama ya Bariadi ni hatua moja tu kutoka meza ya karani. Severine akaanza kumwuliza kama alipiga honi. Marcelo akasema alipiga. Mara ngapi? Nyingi. Huyu mama alifanyaje? Alisimama tu katikati kama mtu asiye na akili zake.

"Kama mtu asiye na akili zake," akarudia Severine polepole ili Hakimu aandike.

"Hiyo suruali nimeshona mimi."

Watu wakatazamana. Sauti ilitoka chini.

"Nani anasema?" akauliza Hakimu, ingawa alijua.

"Ni mimi, Mheshimiwa." Mkono ukatoka chini ya meza, ukashika pindo la mguu wa kulia wa Marcelo, ukalikunjua kwa kidole gumba kama unavyoangalia kitambaa dukani. Haukuwa unatetemeka tena. "Uzi wa kaki uliniishia kwenye miguu ya mwisho, nikamalizia na wa kijani. Ona. Nilidhani hakuna atakayeinama mpaka huku."

"Mheshimiwa, napinga," akasema Severine. "Mdai hawezi kutoa ushahidi akiwa chini ya meza."

"Sheria imesema shahidi aape, na huyu alishaapa," akasema Hakimu. "Sijaona iliposema akae wapi. Endelea, mama."

"Mheshimiwa, mwambie akunjue kiunoni, nyuma. Kila nguo nikiimaliza natia jina langu. Mimi kusoma sikufika mbali. Nilimwomba mwandishi wa stendi aniandikie kwenye karatasi, ndiyo nanakili kwa sindano."

Marcelo akashika mkanda wake kwa mikono miwili. Kijana wa watu alikuja kusema amepiga honi, hakuambiwa kuna kuvua. Akamtazama Severine, naye Severine akatazama dari. Basi akamgeuzia Hakimu mgongo, akalegeza mkanda, akakunja kiuno cha suruali nje huku ameishikilia kwa mbele isidondoke.

Hakimu Ernestina akashuka kutoka kitini kwake. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti.

"MIREMBE FUNDI SOMANDA 98." Akasogea karibu zaidi. "Kwa R."

"Ajali ilitokea mwaka gani, wakili?"

"Tisini na tisa, Mheshimiwa."

"Na wewe shahidi, mko wangapi kwenye kampuni wenye suruali hizi?"

"Ishirini na wanne, Mheshimiwa," akasema Marcelo, bado amempa Hakimu mgongo. "Na meneja."

Hakimu akarudi kitini. Akakaa, akapanga karatasi zake, akachukua muda wake wote. "Basi kwa hoja ya wakili, kampuni nzima ya Mkulima Fahari imetoka Mirembe, pamoja na meneja, na imeandikwa kiunoni. Au tukubali kwamba huyo mwandishi wa stendi anamwita hivyo huyu mama tangu kabla ya pikipiki. Unachagua lipi?"

Kicheko kilichotoka hapo kilifika soko la mahindi. Watu wakageuka kumtafuta mwandishi mwenyewe benchi la mwisho. Mama wa kitenge kipana alikuwa peke yake, na dirisha lilikuwa wazi.

Milembe akatoka chini ya meza. Yakobo akampa mkono, akamkung'uta vumbi mgongoni mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa kwetu hulifanya kwa ng'ombe tu. Milembe akatabasamu kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Julai, na kama ningekuwa mtu wa huruma ningekata hadithi hapa nikawaacha mkalale.

Lakini Severine analipwa kwa siku.

"Jina nalipokea, Mheshimiwa," akasema, bila hata jasho. "Milembe ni Milembe, na Binza ndiko alikotoka. Sasa turudi kwenye madai. Mdai anasema akili yake imeumia. Nani kasema? Mumewe si daktari. Karatasi ya hospitali inasema kiwiko. Kiwiko kimepona. Sheria inataka mtaalamu."

Hakimu akaandika, akafuta. Wote waliona kwamba safari hii hakupenda kukubali, na kwamba ilimbidi.

"Hapo wakili ana hoja. Mama Milembe, mahakama imeona kwa macho, lakini macho yangu siyo ya daktari. Unatakiwa upimwe na bingwa wa magonjwa ya akili, aandike kama ugonjwa huu umetokana na ajali. Hapa wilayani hayupo. Nitakupa barua ya mahakama uende Dodoma."

"Dodoma sehemu gani, Mheshimiwa?" akauliza Yakobo.

Hakimu akavua miwani. "Mirembe," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu ametokwa jasho asubuhi nzima kuonyesha kwamba hakutoka Mirembe, na zawadi ya kushinda ni kupelekwa Mirembe.

"Asipokwenda?" akauliza Yakobo.

"Nitaifuta kesi."

Mzee Masele akasimama tena, na safari hii hakuna aliyemwambia akae. "Akienda, basi asirudi kwangu," akasema. "Ya pikipiki au isiwe ya pikipiki. Mtu akishaingia lile geti, hana kwao tena. Yakobo, chagua sasa hivi watu wakisikia."

Hapo sasa. Akienda amepoteza nyumba. Asipokwenda amepoteza kesi, na kesi ikifutwa hakutakuwa na karatasi yoyote duniani inayosema ni pikipiki, na nyumba itamfuata. Milembe alimtazama mumewe. Yakobo ni mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kumjibu baba yake. Mtaani Somanda wanasema hata kupiga chafya anamwomba ruhusa.

Akamgeukia Hakimu, siyo baba yake. Huko hakuwa na ubavu.

"Mheshimiwa, andika. Nilimtoa Milembe kwao Binza. Sasa nitampeleka Milembe Milembe. Na nitamtoa Milembe Milembe, nimrudishe nyumbani."

Thomasi aliinua kalamu. "Ipi ni ya R?" akanong'ona.

"Andika zote vyovyote," akasema Hakimu. "Nimemwelewa."

Mimi pia nilimwelewa, na sioni haya kusema macho yaliniwasha. Mzee Masele alielewa zaidi yetu sote, maana sauti yake ilibadilika. Hakuwa anagomba tena. Alimwendea mwanawe, akamshika bega, akaanza kumbembeleza kama mtu anayemzuia mtoto asivuke mto.

"Yakobo, mwanangu, wewe hupajui. Utamwacha pale getini, utageuka. Watampa shuka la kijivu na kikombe cha bati. Kengele ya uji inalia kabla ya jua. Anapolala kuna dirisha moja tu, la buluu, na ukilala kitanda cha tatu kutoka mlangoni, ule upepo wa Dodoma unakupiga hapa." Akajigusa nyuma ya shingo. "Usiku kucha unakupiga hapa. Na hakuna mtu wa kuongea naye Kisukuma."

Hakujua kwa nini watu wote sasa wanamtazama yeye.

Milembe alimsogelea. Mkwe wa Kisukuma hamtazami baba mkwe usoni, naye hakumtazama. Alipiga goti kama inavyopasa, akainamisha kichwa, akauliza kwa heshima zote.

"Baba, kitanda cha tatu alilala nani?"

Yakobo akaukumbuka mwaka mmoja wa utoto wake, mwaka ambao baba yake alikwenda Mwadui kuchimba almasi, akarudi hana hata mchanga.

Mkono wa mzee Masele ulikuwa bado uko nyuma ya shingo yake.